Mjadala: Darasa la dansi la mtoto, mzazi akae ndani au abaki getini?

Mleta mada (Tabata)

Wadau, habari za jioni. Madarasa ya dansi ya watoto yamekuwa mengi hapa Dar. Masaki na Mikocheni kuna baleti, huku kwetu kuna kumbi za mazoezi zinazokodishwa Jumamosi asubuhi, na shule kadhaa za binafsi zimeweka kipindi cha kucheza baada ya masomo. Mada hii ikiguswa, ubishi unaishia palepale: mmoja anasema dansi ni uhuni, mwingine anamjibu kwamba yeye ni mshamba, basi, watu wanatawanyika. Wakati huo watoto wanaendelea kuachwa getini kila wiki na hakuna aliyeuliza lolote la maana.

Mimi swali langu ni moja. Kuna vituo vinavyokataza mzazi kukaa ndani wakati darasa linaendelea. Unamshusha mtoto, mlango unafungwa, unarudi baada ya saa nzima. Sababu wanayotoa ni kwamba mtoto akimwona mama yake hatulii. Ina ukweli wake, sikatai. Lakini chumba kisicho na dirisha, mtu mzima mmoja, watoto kumi wa miaka sita, na mimi sijui huyo mtu amesomea wapi? Hapana.

Msimamo wangu: anayefundisha watoto alazimike kumruhusu mzazi aone darasa saa yoyote, bila kuomba miadi, na hilo liwe sharti la kupata kibali. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ipo kwa Sheria Na. 23 ya 1984 na inasajili wasanii. Sawa. Lakini kusajiliwa kama msanii ni jambo moja na kukabidhiwa mtoto wa watu ni jingine. Kwa sasa mwenye spika, kioo na wafuasi wengi TikTok anaitwa mwalimu.

Mada iko mezani. Matusi hapana.

Mwalimu wa dansi (Kinondoni)

Mkuu, mimi nafundisha, na nilipitia chuo cha sanaa Bagamoyo, kwa hiyo nitajibu kama mtu wa ndani.

"Saa yoyote" haifanyi kazi. Ukiwaingiza wazazi kumi na simu zao, darasa linageuka mahafali. Mmoja anamwita mwanawe ageukie kamera, mwingine anapaza sauti "nyoosha mguu!" na mguu wenyewe hautakiwi kunyooshwa hapo. Mtoto mwenye aibu ndiye anaumia zaidi, kwa sababu anaacha kucheza anaanza kutazama sura ya mama yake. Ninachofanya mimi: darasa la kwanza mzazi anakaa mwanzo mwisho, baada ya hapo anaingia dakika kumi za mwisho, na mlango wangu una kioo. Yeyote apite achungulie. Na sibaki peke yangu na watoto, kuna msaidizi siku zote.

Lakini nawashangaa jamani, mnagombania mlango na hakuna anayeangalia chini. Sakafu! Kumbi nyingi za hapa mjini ni vigae juu ya zege. Mtoto akirukaruka pekupeku juu ya zege wiki hadi wiki, anaanza kulalamika miundi inauma, magoti yanauma, nyumbani mnasema anadeka. Sakafu ya kuchezea inatakiwa iwe ya mbao iliyoinuliwa, yenye kunesa kidogo mtu anapotua. Kama haipo, na mara nyingi haipo, mwalimu anayejua kazi anapunguza miruko. Asiyejua anaongeza sauti ya muziki.

La pili ni msamba. Nimeona walimu wanamkalia mtoto mgongoni au wanamkandamiza mapaja ili afike chini, mtoto analia, mama anarekodi. Mwili wa mtoto unalainika kwa miezi ya mazoezi ya polepole, haulainiki kwa kusukumwa. Na wale wa baleti wanaoniuliza binti wa miaka minane atasimama lini kwenye ncha za vidole: mifupa ya mguu wake bado inajijenga. Kwa kawaida hilo halianzi kabla ya miaka 11 au 12, na hata hapo ni kwa aliyekwisha kufanya mazoezi kwa miaka kadhaa na kifundo chake kina nguvu. Mwalimu anayekuahidi mapema kuliko hapo anataka picha ya tangazo.

Kwa hiyo kaeni ndani mkitaka, lakini mjue mnatazama nini. Mzazi anaweza kukaa pale kitini saa nzima na asione kosa hata moja.

Baba wa wawili (Mbagala)

Mimi sina shida na sakafu, nina shida na viuno. Binti yangu wa darasa la tatu amerudi shuleni anakatika mtindo ambao hata ukumbini usiku ningemfunika macho. Namuuliza nani kakufundisha, anasema ni wa siku ya wazazi. Siku ya wazazi!

Halafu Jumamosi na Jumapili asubuhi ni madrasa. Kwa wenzetu Wakristo kuna mafundisho ya kipaimara na kwaya. Siku za kazi gari la shule linamshusha saa kumi na moja na foleni ya Kilwa Road, kisha tuisheni. Huyo mtoto atacheza saa ngapi?

Mama Ubungo

Baba wa wawili, ondoa tuisheni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuuchosha mwili kila siku. Wa kwetu wanakaa kwenye gari, wanakaa darasani, wanakaa tuisheni, kisha wanakaa mbele ya katuni. Mnaogopa kiuno kinachotingishika, kile kisichotingishika kabisa hamkiogopi.

Bibi wa Magomeni

Wanangu, viuno havikuletwa na simu. Sindimba ya Wamakonde ni kiuno. Baada ya Uhuru ilichezwa mpaka mashuleni, na hata wakati ule walikuwepo walionuna. Mdundiko wetu sisi Wazaramo ukipita mtaani, mtoto na mkubwa wanaufuata. Tofauti ni kwamba ngoma ilikuwa na wenyewe na ilikuwa na rika lake. Kuna ngoma ya watoto uwanjani, ukuti na zinazofanana nayo, na kuna ngoma ya ndani kwa mwali. Mtoto wa miaka saba hakuchezeshwa ya mwali. Sasa hivi muziki ni mmoja, kuanzia harusi mpaka chekechea.

Na huyu mleta mada anayedai kila mlango uwe wazi, aelewe kwamba unyago mlango ulifungwa, na mama mzazi hakukaa kumchungulia kungwi. Lakini kungwi tulikuwa tunamjua kwao, tunajua kaolewa na nani kaoza nani, na akikosea ana pa kushtakiwa. Nyie mnampeleka mtoto kwa mtu ambaye mnalijua jina lake la mtandaoni tu, halafu mnataka kioo kwenye mlango kiwe ndiyo ulinzi.

Dansa wa Tandale

Shikamoo bibi. Umegonga penyewe.

Wengine mimi nawasoma nacheka. Sisi tumejifunza singeli uwanjani, hakuna mlango wala ada. Nina kikundi cha watoto hapa mtaani, wanakuja jioni baada ya shule, sichukui hela. Wazazi wao wako sokoni, hakuna wa kukaa kitini kutazama. Wasipokuwa kwangu, wako kwenye kigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku, saa sita wanatunzwa hela na walevi, na hapo ndipo kiuno kina bei.

Sasa mleta mada anataka kibali. Kibali ni nauli, fomu, ada, njoo kesho. Wa Masaki atalipa siku hiyohiyo na ataongeza kwenye ada yenu. Mimi nitafunga. Watoto watarudi kwenye kigodoro na nyie mtasema sheria imefanya kazi.

Mama Ubungo

Kabla hatujafika kwenye kibali, kuna jambo lingine. Video. Karibu kila kituo kina ukurasa wake, na tangazo lake ni watoto wetu: nguo za kubana, jina la mtoto limeandikwa, sare ya shule inaonekana kwenye begi nyuma. Hakuna aliyeniuliza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtoto si mali ya mwalimu. Mimi siku hizi kabla ya kulipa naandika kwenye fomu: mwanangu asirekodiwe kwa matangazo. Kituo kimoja kilinirudishia hela yangu, kwamba hawana njia ya kumkwepesha mtoto mmoja kwenye kamera. Nikashukuru, angalau nimejua wanachouza.

Ila na sisi wenyewe tunaweka stetasi. Hilo nalo tuliseme.

Baba Kigamboni

Hakuna aliyetaja hela? Ada mnaambiwa getini. Vazi mnaambiwa mwezi wa pili. Viatu, mwezi wa tatu. Mwisho wa muhula kuna onyesho, na mnauziwa tiketi ya kumwona mtoto mliyemzaa. Dai orodha yote kwa maandishi siku ya kwanza. Na kijana wangu wa kiume anacheza, kwa wale mlioanza kuguna.

Mleta mada (Tabata)

Nimesoma yote. Mwalimu, kioo chako na msaidizi wako vinanitosha kwako, kwa sababu wewe umeviweka mwenyewe. Hoja yangu ni kwa asiyeviweka. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, kwa hiyo hata wale wa sekondari tunaowaona wakubwa wamo humo.

Dansa wa Tandale, kibali nisikilize tena. Sisemi kiwe cha ada. Mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa wakujue: jina lako halisi, unapofundishia, siku gani, watoto wangapi, na mtu mzima wa pili ni nani. Bure, kwenye daftari. Hicho ndicho bibi anachokisema kuhusu kungwi, kujulikana kwao. Na namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, iandikwe ukutani mahali ambapo mtoto mwenyewe anaisoma.

Dansa wa Tandale

Daftari la bure kwa mjumbe, hata kesho naenda. Ila mbona mnaanza na sisi? Mwalimu wa tuisheni anafungia watoto sebuleni kwake. Kuna shule ya Jumapili, kuna madrasa. Huko nani anaingia bila miadi? Au kwa kuwa hakuna muziki, mlango ni halali?

Baba wa wawili (Mbagala)

Ustadhi wetu anafundishia barazani, njia ya watu wote. Karibu uje uangalie. Wa tuisheni ndiyo nimeanza kumfikiria sasa hivi.