Tupeane uzoefu: Mliofika Roma kutembea, kilikukuta nini?

Binti_Kagera:
Leo nilikuwa nasafisha mkoba wa zamani nataka niuuze, kwenye kimfuko cha pembeni nikakuta kale kauzi ka nyekundu njano kijani. Nikacheka peke yangu mpaka mdogo wangu akaniuliza nina nini. Waliofika Roma wanakajua.

Mimi nimetoka tu stesheni ya Colosseo, hata sijanyanyua kichwa nilione lile jengo vizuri, kaka mmoja mrefu anakuja mikono wazi, "Sista! Afrika! Hakuna matata!" Jamani mtu una siku nne hujasikia neno la Kiswahili, si unalainika? Nikamshushia Kiswahili chote, kaka hujambo, umetokea mkoa gani, kumbe mwenzangu ana hayo maneno mawili tu basi. Kabla sijashtuka nimeshafungwa uzi mkononi, fundo la kufa mtu, zawadi zawadi sista, halafu eti mke wake kajifungua jana nimchangie chochote. Nikatoa euro 5 akasema hiyo ndogo, nikatoa 10 nikijua atanirudishia ile 5. Akaondoka na zote.

Haya tiririkeni, na nyie mlipigwaje?

Mzee_wa_Rombo:
Hakuna matata imetumaliza wengi dada. Mimi waliniongezea na kakobe kadogo ka jiwe, cha bure cha bure. Kakobe ninako mezani hapa, kaliniondokea na euro 20.

Chotara_wa_Ilala:
Na mimi. Tena palepale.

Fundi_Saa:
Nyie mlipigwa na watu wa barabarani, afadhali. Mimi nilipigwa na mtu mwenye kitambulisho kimening'inia shingoni. Colosseo foleni ilikuwa ndefu, Julai ile, jua la utosi, mtu anapita anasema na mimi nakupitisha bila foleni na mwongozaji juu, euro 55. Nikaona poa. Nikawekewa kispika sikioni, tukawa kundi la watu kama arobaini, kumbe na sisi tunakwenda kupanga foleni ileile ya ukaguzi kwa sababu ukaguzi hauna mkubwa. Mwongozaji anakimbia, sikioni nasikia kwikwi tu, "Vespasiano... krrr... mwaka 80... krrr... watu elfu hamsini." Wakati ule tiketi ya kawaida ilikuwa euro 18. Sasa hivi tiketi inaandikwa jina lako na lazima uende na pasi, kwa hiyo mkinunua nunueni mtandaoni mapema, na Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure kabisa.

Kibuyu:
Bure ndiyo, ila hiyo foleni ya Jumapili ya bure utaikuta inaanzia Kibaha. Bora ulipe.

Baba_Kanyigo:
Mmenikumbusha kitu ambacho sijawahi kukiandika popote. Mwaka 2017 nilimpeleka mama hija Roma, na kundi la parokia, tulikuwa watu 32 na padre mmoja mwenye kibendera cha taifa kwenye fimbo. Mama ana miaka 71 wakati ule, Kihaya na Kiswahili basi, Kiingereza hajui, Kiitaliano ndo usiseme. Siku ya Jumatano tukaamka alfajiri tuwahi kwa Baba Mtakatifu pale uwanjani, maana Jumatano ndo anasalimia watu. Mama kavaa kitenge chake cha WAWATA, kile cha wanawake Wakatoliki, kipya kinanukia duka, mkononi rozari na kipande cha mkate wa asubuhi alichokiviringisha kwenye tishu, akasema hawezi kuacha chakula cha masista kikatupwa. Pasi yake ninayo mimi. Simu yake ya tochi iko hosteli inachaji.

Termini, ile stesheni kuu ya treni, tukashuka chini kwenye metro. Mzee mmoja wetu tiketi yake ikakwama kwenye mashine, nikabaki namsaidia, kundi likatangulia. Nafika jukwaani naona watu wanasukumana treni imefika, mama kaingia, maana mama kwenye daladala haachwagi huyo, amelelewa Bukoba mjini kwenye stendi. Wenzake wote wamebaki nje wanamsubiri padre ahesabu. Mlango ukafunga. Namwona mama kupitia kioo, ananipungia mkono kabisa, anatabasamu, anajua mimi nipo behewa la nyuma. Treni ikaondoka.

Ngojeni bosi kaingia, narudi kumalizia.

Chotara_wa_Ilala:
Weeeee usifanye hivyo

Binti_Kagera:
Baba Kanyigo rudi hapa haraka. Mama alipatikana au hakupatikana? Sema hilo tu kwanza.

Zuu_wa_Unguja:
Mie wakati tunamsubiri nawapa yangu. Tulikwenda wasichana watatu, mie ndo nlovaa buibui, wenzangu wawili vibukta na vitop maana joto. Njia nzima wananicheka, Zuu utayayuka. Tumefika kanisa kubwa la Petro, mlangoni mtu wa mlango anawatazama mabega, anawatazama magoti, akatikisa kichwa. Nje! Mie nikapitishwa kama malkia. Muislamu peke yangu ndo nlozunguka kanisa zima wallahi, nikatoka nikawahadithia, wao wamekaa kwenye nguzo wamenuna. Mwisho walinunua mitandio kwa yule anouza pale nje, naye bei yake anaijua mwenyewe. Kesho yake nikawapeleka na wao kwangu, ule msikiti mkubwa wa kule Parioli, huko walivaa vizuri.

Mzee_wa_Rombo:
Hahahaa Zuu umenimaliza.

Njoro_Kip:
Sasa nyinyi wote mko Colosseo na hakuna hata mmoja amesimama pale kando kwa Tao la Constantine akakumbuka Bikila? Abebe Bikila, yule mkimbiaji wa Ethiopia, 10 Septemba 1960, marathoni ya Olimpiki ilimalizikia hapo, usiku, mienge imewashwa barabarani, jamaa anakuja miguu mitupu, saa 2 dakika 15 na sekunde 16. Nilienda nikavua viatu hapo nikakanyaga hayo mawe. Yanauma. Nikatembea kama hatua ishirini hivi nikarudia viatu vyangu, na mimi nimekulia Eldoret.

Kibuyu:
Alikimbia peku kwa sababu hakuwa na hela ya viatu, tuache kutukuza umaskini.

Njoro_Kip:
Kibuyu wewe ni wa kuandika tu. Viatu alipewa, vikambana, na alikuwa ameshafanya mazoezi miguu mitupu. Mwanajeshi wa walinzi wa Mfalme Haile Selassie atakosaje viatu?

Kibuyu:
Ulikuwepo?

Fundi_Saa:
Njoro ongezea na lile jambo lenyewe tamu. Njia ile ilipita karibu na mnara wa Aksum, ambao Waitaliano waliuchukua Ethiopia 1937 wakausimamisha pale Porta Capena, mbele ya jengo walilolijenga liwe wizara ya makoloni yao Afrika, ambalo leo ni makao makuu ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Mwethiopia anapita pembeni ya mali ya kwao iliyoibwa, anakwenda kuchukua dhahabu kwenye nyumba ya mwizi. Mnara ulirudishwa 2005. Ukienda leo pale hauukuti.

Na uwanja wa mbele ya Termini, mnaposhuka na mabegi, Piazza dei Cinquecento, hao mia tano ni askari wa Kitaliano waliouawa Dogali, Eritrea, 1887. Mimi nilipita pale siku tano nikidhani ni namba ya basi.

Kibuyu:
Sawa nimekubali kuhusu mnara. Viatu bado.

Dada_Sakina:
Tuache viatu. BABA KANYIGO YUKO WAPI

Mpishi_Mstaafu:
Mimi yangu fupi. Tiketi ya basi ninayo mkononi, nzima, mpya, nimelipa euro 1.50 yangu halali, sikuigonga kwenye kile kimashine. Mkaguzi kapanda. Faini zaidi ya euro 50 na mke wangu ananitazama. Mpaka leo tukigombana kwa jambo lolote anasema "na ile tiketi."

Baba_Kanyigo:
Nimerudi, samahani wakuu.

Treni nyingine ilikuja baada ya dakika kama tatu. Nikiwaambia dakika tatu mtaona kidogo. Padre akatugawa, wawiliwawili kila stesheni, Repubblica, Barberini, Spagna, Flaminio, Lepanto, mimi na yeye tukaenda mpaka mwisho wa reli Battistini. Hamna. Tukarudi. Pale Ottaviano, ambapo ndo tulitakiwa kushuka kwenda Vatikani, tukampata polisi, kijana tu, mstaarabu, anauliza mama amevaa nini. Padre anahangaika kumweleza kitenge kwa Kiitaliano, mimi naonyesha picha kwenye simu lakini picha niliyokuwa nayo mama kavaa koti. Saa nne. Saa tano. Watu wetu wanalia kule juu barabarani, wengine wanasali rozari wamesimama kwenye kona ya duka la aiskrimu. Na mimi nisiwafiche, nilikuwa nimeshaanza kupanga kichwani maneno ya kuwaambia dada zangu, nimefika kwenye sentensi ya pili.

Ndo padre akajipiga kofi kwenye paji la uso. Kwenye kikao cha mwisho parokiani, kabla hatujaondoka, alituambia, tena mara moja tu, anayepotea siku ya Jumatano aende akasimame kwenye mnara wa katikati ya uwanja wa Mtakatifu Petro. Ule mrefu, wa mita 25, wa kutoka Misri. Sisi wote tulisahau, yeye mwenyewe mwenye kusema alisahau. Tukakimbia. Padre na kanzu yake, kibendera mkononi.

Mama kakaa chini ya ule mnara, kwenye kivuli chake ambacho ni chembamba kama fito, na kila kivuli kikihama na yeye anasogea. Shingoni ana skafu ya njano ambayo asubuhi hakuwa nayo. Pembeni yake kuna Wafilipino kama kumi wanamegeana ule mkate wa kwenye tishu. Ananiona, eti, "Mmechelewa wapi? Mwenyewe ameshaondoka."

Nikamuuliza mama ulijuaje pa kushuka. Akasema, "Niliona masista wengi wanashuka. Nikajiuliza, masista wote hawa asubuhi hii wanakwenda wapi kama si kwa Papa?" Juu akafuata skafu za njano, nao wakamshika mkono wakampa tiketi yao ya ziada, maana zile ni za bure, wakamsogeza mpaka kwenye uzio. Papa Fransisko alipita na kigari chake kama kutoka hapa nilipokaa mpaka mlangoni. Mama anasema alimnyooshea mkono yeye.

Kwa hiyo kundi la watu 32, tumekusanya hela miaka miwili, aliyemwona Papa ni mmoja. Aliyepotea.

Dada_Sakina:
Nimelia na nimecheka nipo kwenye mwendokasi watu wananiangalia

Kibuyu:
Chai. Tena ya maziwa na tangawizi. Bibi hana pasi anapitaje ukaguzi wa Vatikani?

Zuu_wa_Unguja:
Kibuyu pale hawaulizi pasi, wanakagua mikoba kwenye ile mashine tu. Mie nlipita. Wewe umefika Roma kweli?

Kibuyu:
Nimefika mara mbili.

Njoro_Kip:
Na viatu ama bila?

Mzee_wa_Rombo:
😂😂😂 Kibuyu kapatikana leo

Kibuyu:
Sawa chekeni. Ila basi nitoe ushauri maana hamna aliyetoa wa maana. Msinunue maji ya chupa, kuna mabomba ya chuma barabarani yanatiririka usiku na mchana, wanayaita nasoni, yapo maelfu, maji baridi na salama. Ziba tundu la mbele kwa kidole maji yanaruka juu unakunywa kama kwenye glasi.

Chotara_wa_Ilala:
Mimi niliziba vibaya nikamwagia bwana harusi aliyekuwa anapigwa picha. Nunueni maji.

Mpishi_Mstaafu:
Kahawa nyweni mmesimama kaunta, ukikaa tu bei inapanda. Na msikae kwenye zile ngazi za Piazza di Spagna, tangu 2019 marufuku, unapigwa faini.

Binti_Kagera:
Pantheon je, lile hekalu la kale? Mimi niliingia mvua inanyesha, inaingia ndani kabisa kupitia lile tundu la juu la kuba, katikati pamewekwa kamba watu wamesimama wanatazama mvua ndani ya nyumba kimya kama wapo msibani. Sakafuni kuna vitundu vya kutolea maji, vya tangu enzi hizo. Euro 5. Hiyo ndo hela pekee sikuijutia Roma nzima.

Fundi_Saa:
Mkoba tumboni, sio mgongoni. Hasa basi namba 64.

Mzee_wa_Rombo:
Hela weka kwenye soksi.

Mpishi_Mstaafu:
Soksi zenyewe utavuliwa na Njoro mkakanyage mawe.

Dada_Sakina:
Baba Kanyigo swali la mwisho. Ile skafu ya Wafilipino mama aliirudisha?

Baba_Kanyigo:
Anayo mpaka leo. Anajifunga kichwani akienda jumuiya. Tatizo ni njano ile pamoja na kile kitenge chake cha kijani, kila mwaka wa uchaguzi watu wanamfuata nyumbani kumuulizia kadi ya chama.