Naomba ushauri: mwenye kifundo chembamba cha mkono avae saa ya ukubwa gani?

Mwalimu wa Namba aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari hapa Tanga, na naomba ushauri kuhusu jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lakini mimi limekwisha kunitia hasara mara moja. Mwaka juzi niliagiza saa ya mkononi kwa kuvutiwa na picha tu, pasipo kutazama vipimo. Ilipofika nikakuta ina kipenyo cha milimita 46, na nilipoivaa kasha lake lilivuka mkono pande zote mbili, likakaa kama kifuniko cha sufuria kilichowekwa juu ya kikombe. Kila nilipoandika ubaoni iligeuka ikatazama sakafu. Mwishowe nilimpa binamu yangu ambaye ni baharia, na mikono yake imezoea kuvuta kamba.

Sasa kaka yangu anayeishi Muscat anakuja likizo mwishoni mwa mwezi ujao, naye ameahidi kuninunulia saa huko huko, kwa hiyo sitapata nafasi ya kuijaribu kabla haijalipiwa. Amenitumia picha za saa mbili akiwa amezivaa yeye mwenyewe. Ya kwanza ni Seiko 5 Sports ya kipenyo cha milimita 42.5, isiyotumia betri, na hiyo ndiyo iliyouteka moyo wangu. Ya pili ni saa nyembamba ya betri, ya kipenyo cha milimita 38, yenye uso mweupe usio na mambo mengi. Mzingo wa kifundo changu cha mkono ni sentimita 15.8. Nimesoma mahali kwamba mwenye mzingo usiofika 16 asivuke milimita 38, na mahali pengine kwamba 40 ni ukubwa unaomfaa kila mtu. Nifuate lipi?

Fundi wa Saa alijibu:

Mwalimu, usifuate lolote kati ya hayo mawili. Nimekaa miaka mingi nyuma ya meza ya kutengeneza saa, na wateja wengi wanaokuja kuniuliza kuhusu ukubwa huanza na kipenyo, kwa sababu ndiyo namba inayoandikwa kwenye tangazo. Kipimo kinachoamua kama saa itakaa au itaning'inia ni urefu wa kutoka ncha ya masikio ya juu hadi ncha ya masikio ya chini, yaani vile vipembe vinne vinavyoshika pini za mkanda. Urefu huo ukizidi sehemu bapa ya mgongo wa mkono, masikio yatabaki hewani, mkanda utashuka wima badala ya kuukumbatia mkono, na saa itazunguka, hata kama kipenyo chake ni cha wastani.

Hiyo Seiko unayoitamani ni mfano mzuri wa namba inayotisha bure. Kipenyo ni 42.5, lakini masikio yake ni mafupi na yameinamia chini, hivyo kutoka ncha hadi ncha ni kama milimita 46 tu. Umbo hilo limerithiwa kutoka kwa saa ya wazamiaji ya SKX007, ambayo Seiko waliiuza tangu mwaka 1996 hadi walipoacha kuitengeneza mwaka 2019, na watu wenye mikono myembamba waliivaa miaka yote hiyo bila kulalamika. Kwa upande mwingine, nimewahi kushika saa za kipenyo cha 39 ambazo masikio yake yamenyooka kama rula na kufika milimita 49. Kwenye tangazo, ya pili ndiyo ndogo. Mkononi mwako, ya pili ndiyo ingekusumbua.

Jambo jingine: pete inayozunguka kioo cha Seiko hiyo inakula nafasi kubwa, kiasi kwamba kioo chenyewe ni kama milimita 31 hivi. Jicho husoma uso wa saa kabla ya kusoma kasha. Saa ya milimita 40 isiyo na pete, ambayo uso wake unafika karibu na ukingo, huonekana kubwa kuliko saa ya wazamiaji ya 42, na ikiwa uso huo ni mweupe huonekana kubwa zaidi, kwa kuwa rangi nyeupe hutanuka machoni na nyeusi husinyaa.

Fanya hivi. Laza mkono mezani, kiganja kikitazama chini, kisha weka rula kwa kukata mkono, nyuma kidogo ya ule mfupa unaojitokeza upande wa kidole cha mwisho, kuelekea kiwiko, kwa sababu hapo ndipo saa inapokaa. Pima sehemu bapa peke yake. Mkono unapoanza kuteremka, simama hapo. Utuletee namba hiyo.

Mzee wa Barazani alijibu:

Mwanangu, mimi nilianza kuvaa saa enzi ambazo milimita 34 ilikuwa saa ya mtu mzima, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nimevaa saa ya mtoto. Rolex Datejust ilipotolewa mwaka 1945 ilikuwa na milimita 36, na wakati huo hiyo haikuhesabiwa kuwa ndogo. Zile saa ambazo jeshi la Uingereza liliagiza kwa watengenezaji kumi na wawili na kuzipokea mwaka huo huo wa 1945, zilizokusudiwa kusomwa kwenye matope na giza, zilikuwa kati ya 35 na 38. Saa kubwa kweli kweli za zama hizo, kama zile za milimita 55 za waongozaji wa ndege za kijeshi za Ujerumani, zilifungwa juu ya mkono wa koti zito wala hazikukusudiwa kuvaliwa na shati. Kwa hiyo anayekwambia kwamba 38 ni ya kike au ya kitoto anazungumzia mitindo ya miaka ya karibuni. Chukua hiyo ya uso mweupe.

Mpenda Makubwa alijibu:

Kwa heshima zote kwa mzee wetu, nyakati zimebadilika na macho yamebadilika pamoja nazo. Mimi nina mzingo wa sentimita 16.5 na ninavaa saa ya milimita 45, na napata sifa kila ninapohudhuria harusi. Saa ni pambo. Pambo lisiloonekana lina faida gani? Mwalimu achukue kubwa aliyoipenda, aongeze tundu moja kwenye mkanda, maneno yaishe.

Binti wa Shela alijibu:

Kaka Mpenda Makubwa, tundu la mkanda hukaza mkanda, halipunguzi kasha. Saa iliyozidi mkono ukiikaza zaidi, masikio ndiyo yanayozidi kunyanyuka, na jioni unabaki na alama mbili nyekundu. Nasema kwa kuonja. Mzingo wangu ni sentimita 14.5, na wauzaji kila siku hunipeleka kwenye kabati la saa za milimita 26 zenye vijiwe vinavyometameta, eti ndizo za wanawake, ilhali mimi nataka saa ninayoweza kuisoma nikiwa ndani ya boti. Niliwahi kununua kubwa kwa hasira, ikanishinda. Sasa navaa ya 36 yenye masikio mafupi, nayo imenikaa vizuri kuliko zote.

Kwa asiyejua pa kuanzia, chukua Casio F-91W, ile ya plastiki nyeusi iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, ambayo haikosekani katika familia yoyote. Upana wake ni milimita 35.2, urefu 38.2 na unene 8.5. Ivae, uitazame, kisha jiulize ungependa saa izidi hapo kwa kiasi gani. Kumbuka tu kwamba hiyo ina pembe, na saa yenye pembe huonekana kubwa kuliko ya duara yenye upana ule ule.

Na mwalimu, usiziamini picha za kaka yako hata kidogo. Kwanza mkono ni wake, si wako. Pili, kamera ya simu ikisogezwa karibu hukikuza kilicho mbele na kukisinyaza kilicho nyuma, hivyo saa hutoka kubwa na mkono mwembamba. Ukitaka kuona wanavyoiona wengine, simama mbele ya kioo kirefu, hatua mbili nyuma, mkono ukiwa umening'inia ubavuni.

Mwalimu wa Namba aliandika:

Shikamoo Mzee wa Barazani, na ninawashukuru nyote. Dada, umenichokoza kwenye fani yangu: duara la kipenyo cha 38 lina eneo la milimita za mraba zipatazo 1,134, ilhali mraba wa upande wa 35 una 1,225, kwa hiyo jicho halidanganyiki linapoiona ya mraba kuwa kubwa.

Nimepima kama Fundi alivyoelekeza, na nimegundua kosa langu la kwanza. Nilikuwa nimegawanya mzingo wangu kwa pai, nikapata upana wa milimita 50, kana kwamba mkono ni bomba la maji. Mkono si duara. Wangu una upana wa milimita 56 na kina cha 44, na sehemu bapa ni milimita 49. Nilimwomba pia binamu yangu anirudishie ile saa ya zamani kwa siku moja: kutoka ncha hadi ncha ni 54. Basi ilivuka kwa milimita tano, na sababu ya aibu yangu sasa ninayo kwa tarakimu. Tena nilipima asubuhi na kurudia alasiri baada ya vipindi, joto likiwa kali, nikakuta mzingo umeongezeka karibu milimita nne.

Kwa hesabu hii Seiko ya 46 inaingia ndani ya 49. Je, kuna kilichobaki?

Fundi wa Saa alijibu:

Inaingia, na nafasi inabaki. Kuhusu kuvimba kwa joto, ndiyo maana huwa nawaambia watu wasinunue saa inayobana asubuhi. Ukichagua mkanda wa chuma, hakikisha kitasa chake kina vitundu vya kusogeza kidogo kidogo, maana kipingili kizima ukikitoa saa hubana, na ukikirudisha hulegea. Tahadhari na mkanda wa mpira mgumu unaotoka kwenye masikio ukiwa umenyooka, kwa kuwa huo huongeza urefu wa saa kana kwamba masikio yamerefuka. Mkanda wa kitambaa unaopita chini ya kasha ni mzuri kwa jasho la pwani kuliko ngozi, lakini huinua saa juu ya mkono kwa unene wake.

Karani wa Masijala alijibu:

Mwalimu, naona wote mmezama kwenye urefu na upana, na hakuna aliyeuliza unavaa nini kazini. Mimi huvaa shati la mikono mirefu lenye kifungo siku tano kwa juma, na saa niliyoiacha nyumbani haikuwa pana hata kidogo, ilikuwa nene. Kila nilipoandika, ukingo wa shati ulipanda juu ya saa ukakwama hapo, na baada ya miezi michache kitambaa kilianza kutoka nyuzi. Hiyo Seiko, kama ni ya umbo analolitaja Fundi, ina unene wa zaidi ya milimita 13. Muulize kaka yako unene wa ile ya pili.

Mwalimu wa Namba aliandika:

Karani, swali lako limenikosesha usingizi. Kaka amekwenda tena dukani na rula: ya pili ina unene wa milimita 8, na kutoka ncha hadi ncha ni 45.

Jana usiku nilikata maboksi ya chaki kwa umbo la saa zote mbili, nikabandika tabaka juu ya tabaka hadi nikapata unene wa 13 kwa moja na wa 8 kwa nyingine, nikazifunga mkononi kwa utepe na kuvaa shati la kazini. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mbele ya kioo kirefu, ile ya 42.5 haikuonekana kubwa hata kidogo, na nakiri kwamba ndiyo iliyonipendeza zaidi. Lakini niliposimama kuandika kwenye mlango wa kabati, kama niandikavyo ubaoni, shati lilikwama juu yake mara tatu katika mistari minne, na kwa ile nyembamba lilipita moja kwa moja.

Mashati yangu ya kazini ni matano, na yote yana vifungo vya mkononi. Nimemwandikia kaka achukue ya 38, ila amwambie muuzaji aniwekee mkanda wa kitambaa wa vipande viwili, usiopita chini ya kasha. Ile Seiko nimemwomba anipigie picha moja zaidi kabla hajaondoka dukani, safari hii kwa mbali.

Mpenda Makubwa alijibu:

Kwa harusi je, Mwalimu?

Mwalimu wa Namba aliandika:

Kwa harusi huvaa kanzu, ndugu yangu, na mkono wa kanzu hauna kifungo. Usinirudishe nilikotoka.