Vipimo vya presha vya mama havilingani, tuamini kipi?

Binti wa Pangani: Salaam, ndugu zangu. Mama yangu ana umri wa miaka 63, na tangu mwezi uliopita ameanzishiwa amlodipini, dawa ya kushusha presha, ya miligramu 5, kidonge kimoja kila siku. Nilimnunulia mashine ya kupimia presha inayofungwa juu ya kiwiko, lakini vipimo havitulii: jana alipata 164/96, na baada ya dakika kumi akapata 139/84. Sasa kwa hofu anapima hata mara nane kwa siku, na kipimo kikiwa kizuri anasema amepona na anataka kuacha dawa. Je, mashine ni mbovu?

Nesi Mstaafu: Pole, mwanangu. Kabla ya kuilaumu mashine, tueleze mama hupima akiwa ameketi vipi na ametoka kufanya nini.

Binti wa Pangani: Shikamoo, mama. Mara nyingi hupima akitoka sokoni, akiwa ameketi mkekani, mkono ukiwa juu ya paja, huku akizungumza na wajukuu.

Nesi Mstaafu: Marahaba. Basi hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu mkono ukiwa chini ya usawa wa moyo kipimo hupanda, na kuzungumza nako hukipandisha. Aende haja ndogo kwanza, kisha aketi kwenye kiti chenye egemeo kwa dakika tano, miguu ikanyage sakafu bila kukunjwa nne, mkono ulazwe mezani usawa wa moyo, na mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya nguo. Nusu saa kabla ya hapo asinywe kahawa wala kufanya kazi nzito. Apime mara mbili asubuhi kabla ya dawa na mara mbili jioni, akipisha dakika moja, kwa siku saba. Muandike kila kipimo, hata kile kisichowapendeza, kwani daktari atatazama wastani, na kwa vipimo vya nyumbani wastani wa 135/85 au zaidi ndio unaohesabiwa kuwa juu. Kupima mara nane humwongezea wasiwasi tu.

Baba Salma: Nami natumia dawa hizi kwa miaka tisa. Tafadhali mwambie mama kwamba kipimo kikishuka, huenda ni dawa ndiyo iliyokishusha. Niliwahi kuacha kwa sababu hiyo hiyo na presha ikarudi juu. Dawa ipunguzwe na daktari peke yake. Aidha, akifikia 180/120 huku kifua kinauma, anapumua kwa shida au upande mmoja wa mwili umelegea, msingoje kipimo cha pili, mkimbizeni hospitali.

Nesi Mstaafu: Nimesahau jambo moja: mpime unene wa mkono, kwa sababu mkanda mdogo hutoa namba kubwa kuliko ilivyo.

Binti wa Pangani: Nimempima kwa tepu ya fundi cherehani, ni sentimita 35, na mkanda wetu umeandikwa 22 hadi 32. Kesho nitatafuta mkanda mkubwa wa mashine hii, ndipo tuanze kuhesabu siku saba. Dawa ameimeza leo mbele yangu.