Maduka ya hisani Uingereza: wapi pa kununua, wapi pa kupeleka vitu? Tulinganishe

MtangaLeeds

Wakuu, habari za majukumu. Mke na watoto wanatua Leeds mwezi ujao, na nyumba niliyopata haina kitu, hata fimbo ya pazia. Natafuta sofa, meza ya kulia, vyombo, na makoti ya watoto kabla baridi haijakaza. Vipya siviwezi.

Wakati huohuo jamaa niliyekuwa nakaa naye amerudi kwao Ghana, kaniachia mzigo: suti, vitabu vya uhasibu, birika la umeme, na kiti cha mtoto cha kwenye gari. Kasema nifanye nitakavyo. Kuvitupa roho inaniuma.

Mtaa ninaopita kwenda kazini una maduka ya hisani manne, yale yanayouza vitu vilivyotolewa bure na watu ili kuchangia misaada, yamepangana. Kinachonishangaza ni bei. Shati la aina ileile, duka hili pauni 3, la pili yake pauni 8. Nani anazipanga? Na nikipeleka huu mzigo, lipi litautendea haki? Wenye uzoefu linganisheni. Nawasilisha.

MamaRehema

Karibu mwanangu, na hongera kwa familia kukufuata. Mimi hujitolea katika duka la hospisi, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, hapa Leicester, chumba cha nyuma, kwa hiyo nikueleze yanayofanyika huko.

Mfuko ukifika unamwagwa mezani. Tunatazama kwapa, kola, zipu, pindo. Kizuri kinapigwa mvuke, kinatundikwa kwenye henga, kinapachikwa lebo. Kilichochoka kinaingia gunia la matambara, na gunia hilo linauzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara wa nguo kuukuu. Takataka ni takataka, na usidhani zinaondoka bure. Mara nyingi duka linalipia kuzolewa.

Hiyo lebo itazame vizuri. Kwa kawaida ina namba ya wiki au alama ya rangi. Nguo ikikaa wiki mbili tatu bila mnunuzi inashushwa bei, inahamishiwa duka jingine la shirika hilohilo, au inaingia guniani. Koti ulilolipenda usilisubirie mshahara.

Sasa bei. Mashirika makubwa yana mwongozo unaotoka makao makuu: shati lisipungue kiasi fulani, suruali kiasi fulani. Meneja ni mwajiriwa na ana lengo la mauzo linalomkaba kila wiki. Nguo yenye jina hutafutwa kwanza kwenye simu ijulikane kule eBay, soko la mtandaoni, inakwendaje. Duka dogo kama letu, meneja anaamua kwa jicho lake na kwa wateja anaowajua. Ndiyo hiyo 3 na 8 yako.

Kiti cha gari usihangaike nacho, maduka hayakipokei kwa sababu hakuna ajuaye kama kimewahi kuwa kwenye ajali. Kofia ngumu za baiskeli ni hivyohivyo. Birika piga simu kwanza uulize. Vifaa vya umeme huwa vinapimwa usalama kabla ya kuuzwa, na maduka madogo mengi hayana mpimaji. Na tafadhali, usije ukaacha chochote mlangoni usiku. Mvua ikinyesha, asubuhi tunakuta matope.

Njeri_Glasgow

Mama kamaliza upande wa nyuma, wacha nichukue upande wa mbele, kitu kwa kitu.

Sofa, meza, kabati, friji: anza na British Heart Foundation, shirika la hisani la magonjwa ya moyo. Wana maduka makubwa ya fanicha na vifaa vya umeme, na ukiwa na vyako vya kutoa wanakuja kuvichukua bila malipo. Emmaus pia wako vizuri. Hao walianzia Ufaransa mwaka 1949, na Uingereza wakaanza Cambridge mwaka 1991. Watu waliokuwa hawana makazi wanaishi pale na kufanya kazi ya kukarabati na kuuza. Bei ya meza kwao huwa ya kibinadamu.

Ukifika kwa sofa, inua mto utafute lebo ya usalama wa moto. Sheria ya mwaka 1988 inataka sofa istahimili moto, na bila lebo hiyo duka halikubali kuiuza hata kama sofa ni mpya tiitii. Hii ndiyo sababu watu wengi hukataliwa sofa zao na kubaki wamenuna. Walikata lebo kwa makasi siku waliponunua.

Vitabu ni Oxfam, wana hata maduka ya vitabu pekee. Makoti ya watoto tafuta Barnardo's, shirika la watoto, au hospisi. Watoto huku wanavaa koti msimu mmoja tu, kwa hivyo utapata karibu jipya. Vyombo nunua popote, sahani ndicho kitu cha bei rahisi kuliko vyote madukani humu.

Chalii_wa_Arusha

Mnawapamba mno. Vitu wanapewa bure. Wengi wanaofanya kazi hawalipwi. Kodi ya majengo ya biashara wanasamehewa asilimia 80, na halmashauri ikipenda inawaachia hata iliyobaki. VAT kwenye vitu vilivyotolewa ni sifuri. Halafu naingia duka moja lenye jina, nakuta fulana ya supamaketi, ile inayouzwa mpya pauni 4, wamebandika pauni 4.50. Na kidoa kipo palepale kifuani.

Mimi nilishahamia Vinted, mtandao wa watu kuuziana mitumba, na Jumapili naenda yale masoko ya uwanjani watu wanapouzia kwenye buti za magari. Pale unapatana bei kama soko la Kilombero, na saa ya kufunga inapokaribia mtu anakwambia chukua tu, hataki kurudi navyo.

MamaRehema

Chalii mwanangu, fulana hiyo hata mimi ningekasirika. Aliyeibandika huenda ni binti wa shule anayejitolea kupata cheti, hajui hiyo chapa inauzwa wapi. Mwonyeshe meneja kwa upole, wengi watashusha. Ila kupatana kwenye kila kitu, kama uko mnadani, hapana. Unamtia aibu bibi wa watu pale kaunta, na hana mamlaka.

Lakini hapa ndipo ninapotofautiana na wewe. Duka la hisani halikuwekwa ili maskini anunue rahisi. Liliwekwa lichume. Oxfam walipofungua duka lao Broad Street pale Oxford mwaka 1947, kazi ilikuwa kugeuza vitu vya watu kuwa pesa, na pesa ziende kwenye misaada. Sisi kila pauni inayobaki baada ya pango, umeme na mshahara wa meneja inakwenda kwa wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Nikiuza koti la pauni 15 kwa pauni 5 nimekufurahisha wewe, nimempunja yule kitandani.

Kwa hiyo Mtanga, jiulize unataka nini. Kama unataka suti ya rafiki yako ivaliwe na mwenye shida, dukani siko. Tafuta kituo cha wakimbizi, kanisa au msikiti wenye kabati la nguo, au vile vituo vinavyowapa wazazi vifaa vya watoto bure. Kama unataka izae pesa, lete dukani na usiulize nani ataivaa.

Chalii_wa_Arusha

Sawa mama, hiyo naikubali. Basi waandike mlangoni kwamba ni biashara.

Mzee_wa_Gikomba

Nasoma hapa Nairobi nacheka. Hilo gunia la matambara mnalolitaja kwa kulidharau ndilo linasomesha watoto wangu.

Wacha niwaambie linaenda wapi. Mfanyabiashara wa huko analinunua kwa kilo. Nguo zinachambuliwa upya, mashati yao, jinzi zao, za watoto zao, zinafungwa balo la kilo 45, zinajaa kontena, zinashuka Mombasa. Mimi nanunua balo likiwa limefungwa. Sioni ndani. Siku ya kufungua, wateja wangu wa kamera, yaani wa daraja la kwanza, wanakuja mapema, wanachagua zile safi kwa bei ya juu. Wanafuata wengine. Jioni kinachobaki ni fagia, kinaenda kwa shilingi chache. Balo likija limejaa mabaka, hakuna wa kumlalamikia. Na serikali ilipozuia mitumba isiingie kuanzia Machi 2020 kwa sababu ya korona, mpaka Agosti, tulikaa tunaangaliana sokoni.

Kwa hivyo ule mzungu anayefikiria fulana yake imepewa mtoto wa Afrika bure, aache. Yeye peke yake ndiye alitoa bure. Kutoka mlango wa duka lenu, kila mkono umeuza.

Na ombi moja kutoka kwetu tunaopokea. Viatu fungeni kamba pamoja kabla ya kutia kwa mfuko. Kiatu kimoja kikitengana na mwenzake huko kwenu, hapa kinafika cha kutupa.

Mpemba_Slough

Jamani, mmezunguka kote na hakuna aliyetaja Gift Aid. Ukifika na mfuko utaulizwa kama unalipa kodi ya mapato hapa. Ukijibu ndiyo, unajaza jina na anwani, mfuko unabandikwa namba yako. Suti ikiuzwa pauni 20, shirika linadai pauni 5 zaidi serikalini, kutoka kwenye kodi uliyokwisha kulipa. Kwako haipungui kitu.

Ila kuna sharti. Lazima kodi uliyolipa mwaka huo ifikie kiasi wanachodai. Mwanafunzi, au mtu aliye na vibarua vya saa chache tu, asitie saini kwa kuona haya. HMRC, mamlaka ya kodi ya hapa, ina haki ya kumdai yeye tofauti hiyo.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kisheria, kwa mpango huu, duka linauza kwa niaba yako. Ndiyo maana baadaye unapata barua au barua pepe kwamba vitu vyako vimeuzwa kiasi kadhaa, je, pesa tuendelee nazo? Unaweza kusema hapana, nipeni. Sijamjua aliyewahi kusema. Mke wangu alicheka siku ya kwanza, akasema hii ndiyo sadaka ya kwanza kuiona inatumiwa ripoti ya matokeo, na sisi tumefundishwa mkono wa kushoto usijue.

Wakili_wa_Mtaani

Nyongeza fupi kwa Chalii. Ukinunua dukani, hata la hisani, unanunua kwa mfanyabiashara, na Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inakulinda. Kitu kiwe na ubora unaolingana na bei na uchakavu wake. Maikrowevu ikikataa kuwaka, unarudi nayo. Ukinunua kwa mtu binafsi, Vinted au uwanjani, anachobanwa nacho hasa ni kutokukudanganya katika maelezo. Asiposema kitu, umenunua na matatizo yake. Kwa hiyo nguo na vyombo nenda uwanjani, vya umeme rudi dukani.

Kilimani_Minnesota

Huku Marekani ni mchezo mwingine kidogo. Goodwill, shirika la hisani lenye maduka, lililoanza Boston mwaka 1902, linaendeshwa kwa kanda na kila kanda inajipangia bei zake. Lebo zina rangi, na kila wiki rangi moja inashushwa, kwa hivyo watu wanaingia wakiuliza rangi kabla ya salamu. Visivyouzika vinapelekwa maduka yao ya mwisho, vinamwagwa kwenye madebe marefu, unachimba na kulipia kwa uzito. Nenda na glavu.

Angalieni Savers. Linafanana na duka la hisani kwa kila kitu lakini ni kampuni ya faida, hata hisa zake ziko soko la New York tangu 2023. Wanayalipa mashirika ya hisani kwa vitu vilivyokusanywa, kisha faida ya kuuza ni yao. Sisemi ni vibaya, nasema soma bango.

Njeri_Glasgow

Pia mtaa nao una uzito. Watu wa mtaa wanatoa walicho nacho. Ndiyo sababu duka la British Red Cross pale Chelsea linajulikana kwa nguo za wabunifu, na yale ya Stockbridge, Edinburgh, mtu anatoka Glasgow kwa treni kuyafuata. Bei pia inajua iko mtaa gani, lakini koti la sufu la pauni 25 pale lingekuwa mamia likiwa jipya.

Chalii_wa_Arusha

Toa na nauli, dada.

Mtanga, zile suti kama ni za jina, piga picha uuze mwenyewe. eBay waliondoa ada kwa wauzaji binafsi Uingereza tangu Oktoba 2024, na Vinted muuzaji halipi. Kisha pesa taslimu zipeleke hospisi ya Mama Rehema. Gift Aid inakubali pesa pia, au siyo Mpemba?

Mpemba_Slough

Inakubali, na ni rahisi zaidi. Lakini mwulize kwanza Mtanga kama ana muda wa kujibu watu thelathini wanaouliza kipimo cha mabega.

MtangaLeeds

Sina huo muda, familia inakuja! Ahsanteni sana wote. Nimeamua hivi: suti naziulizia kituo kimoja cha wakimbizi hapa, nasikia wanatafuta nguo za watu wanaokwenda kwenye usaili wa kazi. Vitabu Oxfam, na kodi nalipa kwa hiyo nitajaza fomu. Birika nabaki nalo. Kiti cha gari nakipeleka kituo cha taka cha halmashauri, nakata mikanda kwanza asije mtu akakiokota.

Sofa nimeiona leo British Heart Foundation, lebo ya moto ipo, pauni 90. Wanaleta nyumbani ila kwa malipo ya ziada. Kuna mwenye kirikuu hapa Leeds?

Kaka_Bradford

Nina Transit, niko dakika ishirini kutoka kwako. Jumamosi kuanzia saa nane mchana, mafuta juu yako na chai ya mkandaa ya Tanga kama shemeji akifika nayo. Pima mlango wa nyumba kabla hujalipa, nakuomba. Sofa za hapa ni pana.

MtangaLeeds

Mlango sentimita 74. Narudi dukani na futi kesho.