Mke wangu ana sonona baada ya kujifungua: nimwachishe supu ya makongoro?

Mwana wa Kibirizi
Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanga, Kigoma. Mke wangu ana wiki 7 tangu ajifungue mtoto wetu wa kwanza. Mwanzoni alikuwa analialia, tukaambiwa ni kawaida itapita. Sasa halii kabisa, na hapo ndipo ninapoogopa. Mtoto analia, yeye anatazama ukuta. Usiku halali hata mtoto akilala. Juzi kaniambia, "Mtoto huyu angepata mama mwingine angekuwa na heri."

Mama mkwe amekuja kutoka Kasulu kumhudumia mzazi. Kila siku supu ya makongoro na mchuzi wa samaki wa migebuka. Mdogo wangu aliyeko chuo kanitumia habari kwamba kuna asidi amino (kijenzi cha protini) inaitwa prolini, inaleta sonona, na makongoro yamejaa hiyo. Anasema bora ninunue vidonge vya asidi amino nyingine, triptofani. Nimezuia supu, mama mkwe kakasirika, nyumba haikaliki. Nishike lipi?

Mama Pacha
Pole kaka yangu. Yalinikuta hapahapa Ujiji, wanangu sasa wana miaka 6. Nilikuwa nawasikia wanalia kana kwamba ni watoto wa nyumba ya pili. Kilichonisaidia kwanza ni dada yangu kuwachukua usiku ili nilale. Mrudishie mama mkwe sufuria lake na umwombe radhi.

Nesi wa Unyanyembe
Mkuu, mdogo wako hajadanganya, kasoma nusu. Utafiti huo ulitoka 2022, wa watafiti wa Girona, Hispania. Walipima asidi amino kwenye damu, wakakuta prolini ikiwa juu na dalili za sonona ni nyingi zaidi. Hata panya walioongezewa prolini walibadilika. Ila wapo watu waliokula prolini nyingi na damu yao haikupanda, na tofauti ilionekana kwenye bakteria wa utumbo. Tena mwili wenyewe hutengeneza prolini. Kutoka hapo mpaka kumnyima mzazi supu ni mbali mno.

Triptofani ndiyo malighafi ya serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, kweli. Lakini sehemu kubwa yake mwili huipeleka njia nyingine, ya kainurenini, na kinga ya mwili ikichachamaa kwa maradhi, huvutwa huko zaidi. Inayobaki inagombania mlango wa ubongo na asidi amino nyingine. Kwa hiyo kumeza nyingi si kufika nyingi. Na akianzishiwa dawa za sonona huku anameza vidonge hivyo, serotonini inaweza kuzidi: atetemeke, apate homa, moyo uende mbio. Usinunue. Hiyo migebuka ina triptofani tayari.

Sasa tuache kemia, maana ile kauli ya juzi imenishtua. Muulize wazi: unawaza kujidhuru, au kumdhuru mtoto? Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Hata yale maswali 10 ya Edinburgh ya kupima sonona tunayowauliza wazazi, la mwisho ni la kujidhuru. Asibaki peke yake. Hospitali waombe wapime pia wingi wa damu na tezi ya shingo. Dawa ambazo mama anaweza kutumia huku ananyonyesha zipo.

Mzee wa Reli
Kwetu Uvinza tungesema katupiwa jini. Asomewe dua kwanza.

Mama Pacha
Mzee wangu, shikamoo. Dua asomewe, na mimi nilisomewa na moyo ukatulia kidogo. Ila hospitali isingoje dua iishe.

Mwana wa Kibirizi
Nimemuuliza. Kakaa kimya muda mrefu, halafu kasema amekuwa akiwaza kutoka usiku aende ziwani. Mama mkwe alikuwa mlangoni, kasikia yote. Sasa amemkumbatia, mtoto ninaye mimi. Kesho saa 12 asubuhi tunakwenda hospitali ya Maweni.

Nesi wa Unyanyembe
Usingoje kesho. Nenda sasa hivi, sehemu ya dharura. Waambie maneno hayohayo aliyokwambia, usiyapunguze.

Mwana wa Kibirizi
Bajaji imefika. Tunakwenda wote. Mama mkwe kabeba supu kwenye chupa ya chai, na mke wangu kakubali kunywa kidogo.