Naomba ushauri: tovuti yangu inang'aa lakini Google haiioni

Hamjambo wenzangu. Nauza mapazia Eastleigh, Nairobi, na mwaka jana nilimlipa kijana mmoja anitengenezee tovuti. Kusema kweli ni maridadi: ukiifungua kuna video ya pazia likipepea, picha 5 zinazojigeuza zenyewe, na kidirisha kinachokurukia usoni kikitaka namba yako ya simu kabla hujaona hata kitambaa kimoja. Siku ile dukani, kwenye Wi-Fi, niliipenda sana.

Juzi nikiwa kwenye matatu nikajaribu kuifungua kwa bando yangu. Tulitoka Pangani tukafika Ngara, kiduara bado kinazunguka. Nikatafuta "mapazia Eastleigh" kwenye Google, nikawakuta majirani zangu karibu wote. Mimi niko ukurasa wa tatu, na nani hufika huko?

Nimesoma kwamba Google huipima tovuti kwa jinsi ilivyo kwenye simu, na kwamba kitu kikubwa zaidi cha ukurasa kinafaa kijitokeze ndani ya sekunde 2.5. Changu huchukua 11! Halafu nikagundua orodha nzima ya bei ni picha, hakuna maandishi hata mstari mmoja wa Google kusoma.

Sasa nibomoe yote, nibaki na ukurasa mweupe, picha nyepesi, bei na ramani? Au nianze kwa kutoa video tu? Kijana anasema wateja watanidharau. Na nikijenga upya, anwani za kurasa zikibadilika, si hata hiyo nafasi ndogo niliyo nayo kwenye Google itapotea? Aliyepitia haya anieleze, na gharama pia tafadhali.