Ladha za nyamapori: pofu, nyumbu, swala pala, nyati na pundamilia hutofautianaje?

MpishiMakulu

Ndugu zangu, habari za majukumu. Ninapika kwenye sherehe hapa Dodoma, na mteja wangu mmoja anataka nyamapori iwe sehemu ya karamu ya kumuaga binti yake. Masharti yake ni mawili: nyama inunuliwe katika bucha lenye leseni, na wageni wasije wakanung'unika kwamba wamelishwa nyama ngumu yenye shombo. Tangu kanuni za kuuza nyamapori zilipotolewa mwaka 2020 nimesikia sifa nyingi za nyama hizi, lakini sifa zenyewe hazipatani. Huyu anasema nyumbu ni mtamu kuliko ng'ombe, yule anasema hatamgusa tena. Mmoja anaapa kwamba pundamilia ana utamu kama wa sukari, mwingine anadai kwamba ananuka jasho. Naomba mliowala wanyama hawa mnilinganishie ladha zao, na mnieleze kama tofauti hizo zinatokana na mnyama mwenyewe au na namna alivyopigwa, alivyochunwa na alivyopikwa. Ngiri simhesabu, kwa kuwa wageni wengi ni Waislamu.

MzeeWaSikonge

Mwanangu, niliwinda kwa leseni ya wenyeji kwa miaka mingi huku Tabora, kwa hiyo nitakujibu kwa nyama nilizozichuna kwa mikono yangu mwenyewe.

Pofu ndiye wa kutanguliza. Dume lake linaweza kufikia kilo 900, mnofu wake ni mpana, na ladha yake iko karibu mno na ya ng'ombe kiasi kwamba ukimpikia mtu mchuzi bila kumwambia, atakula na kuongeza bila kuuliza lolote. Katika jamii yote ya swala, yeye ndiye anayejiwekea mafuta ya maana, hasa dume lililoshiba, ambalo hujaza mafuta kifuani na kuuzunguka moyo. Wamasai, ambao kwa desturi hawali nyama ya porini, wamekuwa wakiwaachia nafasi pofu na nyati kwa kuwahesabu kuwa jamaa wa ng'ombe, na mimi naona hawakukosea hata kidogo kwa upande wa ulimi.

Swala pala ana mnofu wenye nyuzi nyembamba, na ladha yake iko kati ya mbuzi na ndama, bila ule ukali wa beberu. Nasema bila ukali nikimaanisha jike na dume changa. Dume lililopigwa wakati wa kupandana hubeba harufu ambayo hata tangawizi haiimalizi. Ubaya wake mwingine ni kwamba hana mafuta ndani ya mnofu, kwa hiyo ukimwacha juu ya makaa dakika chache zaidi ya inavyotakiwa, utatafuna hadi taya zichoke.

Nyumbu ana nyama nyeusi na nzito, yenye kitu kinachokaribia ladha ya ini. Wapo wanaoipenda kwa sababu hiyohiyo, na kwa supu inafaa, lakini mimi nikiwekewa nyumbu na kongoni mezani, mkono wangu utakwenda kwa kongoni bila kufikiri. Nyati ni ng'ombe mzee aliyekokota plau maisha yake yote: ladha ipo, tena nzuri, ila meno yatalipa. Mkia na ulimi wake ndivyo vyenye thamani, vikichemshwa taratibu kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Pundamilia ni kweli ana utamu, na ni kweli pia kwamba ananuka. Utamu uko kwenye mnofu, na harufu iko kwenye yale mafuta yake ya njano, ambayo lazima uyatoe yote.

Mnyama ambaye hukumtaja, na ambaye ukiuziwa ukatae, ni kuro. Ngozi yake hutoa mafuta yenye harufu kali, na mchunaji asiye makini hushika manyoya kisha akashika mnofu kwa mkono uleule. Sisi tulikuwa na mtu mmoja wa kushika ngozi na mwingine wa kukata nyama, kila mmoja na kisu chake, na hata hivyo wako waliokataa kuila.

MkaguziWaNyama

Shikamoo Mzee. Maelezo yako nayakubali kwa sehemu kubwa, lakini naona kwamba nyumbu na nyati wanabebeshwa lawama ambazo mara nyingi ni za mwindaji.

Mnyama anapokufa ghafla akiwa ametulia, sukari iliyohifadhiwa katika misuli yake hugeuka kuwa asidi, na kipimo cha pH, ambacho hushuka kadiri asidi inavyoongezeka, huteremka kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5 katika saa zinazofuata. Asidi hiyo ndiyo inayoipa nyama ladha tunayoitambua, na ndiyo inayochelewesha kuoza. Mnyama aliyekimbizwa, au aliyejeruhiwa akatembea umbali mrefu kabla ya kuanguka, huwa ameimaliza sukari ile akiwa hai. Nyama yake hubaki na pH iliyo juu ya 6, huwa nyeusi, kavu na yenye kunata kwenye vidole, huharibika upesi, na mlaji huielezea kuwa ina "harufu ya porini." Nimekagua mizoga miwili ya nyumbu iliyoletwa kwa gari moja, mmoja ukiwa na mnofu mwekundu wenye unyevu na mwingine ukiwa mweusi kama uliopakwa masizi, na mtu aliyeonja huu wa pili peke yake angeapa kwamba nyumbu haliki. Ongeza risasi iliyopasua tumbo, au damu iliyoganda kuzunguka jeraha bila kukatwa na kutupwa, na utapata mlalamikaji mwingine.

Weusi wenyewe usikutishe ukiwa peke yake. Wanyama wanaotembea na kukimbia sana huwa na mayoglobini nyingi katika misuli, protini inayohifadhi oksijeni na kuipa nyama rangi, na kwa kuwa ina madini ya chuma, ndiyo inayoleta ile ladha ya ini aliyoitaja Mzee. Hiyo ni tabia halali ya nyumbu, nami simtetei hapo.

Tofauti kati ya mnyama na mnyama hukaa zaidi katika mafuta kuliko katika mnofu. Mafuta ya swala na jamaa zake ni magumu, huganda haraka yakipoa, na humwachia mlaji utando kwenye kaakaa; nyama hiyo isipoliwa ikiwa ya moto, sifa yote inapotea. Pundamilia ni wa ukoo wa farasi, mafuta yake ni laini, na misuli ya ukoo huo huhifadhi sukari nyingi kuliko ya ng'ombe, kwa hiyo wanaosema kwamba ana utamu hawajidanganyi.

Ukitaka kuamua kwa ulimi wako, nunua kilo moja ya kila nyama kabla ya kuagiza mzigo. Kata vipande viwili vya kila moja, kimoja kikiwa na mafuta yake na kingine kikiwa kimeondolewa mafuta na ule utando mweupe, kaanga kwa chumvi peke yake, kisha onja vikiwa vya moto na uonje tena vikipoa.

BintiMvita

Mimi niko Mombasa, na kwetu mjadala huu unasomwa kwa wivu kidogo. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na ingawa kuna wakati nyama kutoka kwenye ranchi za wanyamapori iliuzwa katika baadhi ya mikahawa ya Nairobi, nayo ilizuiwa. Kilichobaki kihalali ni mbuni na mamba wanaofugwa. Mbuni ni ndege kwa jina tu. Nyama yake ni nyekundu na mtu anaweza kudhani ni sarara ya ng'ombe. Mamba ni mweupe, yuko kati ya kuku na samaki, na sikuona cha kumsifia zaidi ya viungo alivyopikiwa.

Ila ndugu Mpishi, umemwondoa ngiri kwa ajili ya Waislamu ukasahau kwamba suala haliishii hapo. Uliza bucha kama mwindaji alikuwa Muislamu na alitaja jina la Mungu alipofyatua, au kama mnyama aliwahiwa akachinjwa. Na kuhusu pundamilia, wanazuoni wengi humhesabu kuwa mnyama wa porini aliyeruhusiwa, tofauti na punda wa kufugwa, lakini jaribu kumweleza hivyo mama mtu mzima ambaye sahani imeshafika mbele yake.

MpishiMakulu

Ahsanteni sana. Shikamoo Mzee, na dada yangu wa Mombasa umeniokoa, kwa sababu pundamilia nilikuwa nimeshamwandika kwenye orodha. Sasa nabaki na pofu na swala pala. Wageni watakuwa karibu 300. Je, nilainishe kwa papai bichi kama ninavyofanya kwa ng'ombe wa kienyeji?

MzeeWaSikonge

Marahaba, mwanangu. Papai bichi ni la nyati. Ukimpaka swala pala ukamwacha usiku kucha, asubuhi utakuta uji. Yeye mkate mishikaki midogo, mtoe utando wote, mpake samli na chumvi, na kati ya kipande na kipande chomeka mafuta ya ng'ombe, kwa kuwa ya kwake mwenyewe hayatoshi na wala hayapendezi. Achomwe wageni wakiwa wameshakaa, si kabla.

Pofu mfanyie mchuzi. Chukua paja na bega, chemsha kwanza kwa chumvi, tangawizi na vitunguu saumu hadi alainike, ndipo umkaange na kumwekea nyanya. Usimjaze bizari, maana mteja amelipa ili ladha ya nyama yenyewe isikike.

MkaguziWaNyama

Naongeza mambo mawili. Mishikaki iwe midogo kweli, kwa sababu nyamapori lazima iive hadi ndani. Kimeta na minyoo havitofautishi karamu ya harusi na chakula cha kila siku, na nyama ambayo haijapita kwa mkaguzi isiingie jikoni kwako hata kama bei yake ni nusu. Pia dai risiti yenye jina la mnyama na uzito, na uitunze hadi sherehe iishe, kwa kuwa ukikutwa na nyamapori isiyo na karatasi utahesabiwa kuwa umepatikana na nyara za Serikali, na hapo hakuna atakayejali ulipikia harusi ya nani.